Eti Wamaya walitoweka

Haya, nimerudi. Najua nimekuwa adimu kwa wiki kadhaa, kazi za watu hizi zina mambo yake. Leo sitaandika siasa. Leo nalipa deni.

Mwaka jana niliandika habari fupi kuhusu Wamaya. Ilikuwa usiku wa zamu. Ukurasa wa kimataifa ulikuwa na pengo chini kulia, tangazo limeondolewa saa mbili usiku, na mhariri anapita kati ya meza akiuliza nani ana kitu cha kujazia. Nikainua mkono. Nikachukua habari ya shirika moja la nje kuhusu magofu yaliyopigwa picha kutoka angani, nikaitafsiri kwa dakika kumi na tano, nikaipa kichwa: "Siri ya Wamaya, taifa lililotoweka." Mhariri akafurahi. "Kutoweka" ni neno linalouza gazeti. Nikanywa chai yangu, nikapanda daladala ya mwisho, nikalala usingizi wa mtu asiye na hatia.

Miezi mitatu baadaye nikapelekwa Nairobi kwenye mafunzo ya waandishi wa habari. Tulikuwa watu wa nchi nyingi. Pembeni yangu alikaa dada mmoja kutoka Guatemala, mtangazaji wa redio ndogo ya kijamii huko milimani kwao. Wakati wa chai nikamwuliza kama anatangaza kwa Kihispania. Akasema Kihispania kidogo, zaidi ni Kik'iche'. Nikauliza hiyo ni lugha gani. Akasema ni moja ya lugha za Kimaya, na yeye ni Mmaya.

Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Mimi nilicheka. Si kwa dharau, nilidhani ananitania. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha semina, kwamba nilidhani Wamaya walikwisha. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyeropoka mbele ya wageni. Akasema mama yake atashangaa sana kusikia hivyo, maana asubuhi ile wamezungumza kwa simu.

Jamani, kuna aibu na aibu. Ile nilirudi nayo mpaka Dar es Salaam, nikaanza kusoma. Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 ilihesabu Wamaya zaidi ya milioni 6, zaidi ya asilimia 41 ya wananchi wote. Hapo hujawaweka wa Mexico, Belize na Honduras. Lugha zao zinakaribia 30. Rigoberta Menchú, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992, ni Mk'iche'. Huyu mama nilikuwa namjua kwa jina tangu shule! Sikuwahi kuunganisha. Kichwani mwangu Menchú alikaa kabati moja, Wamaya kabati jingine, lile la mambo ya ajabu, pamoja na viumbe wa sayari nyingine.

Nadhani najua kabati lile lilijengwa lini. Desemba 2012 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na mtaani kwetu kulivuma habari kwamba tarehe 21 dunia inakwisha, eti Wamaya walisema. Kaka yangu aliniapia kabisa. Ukweli ni kwamba kalenda yao ndefu huhesabu vipindi vya siku 144,000, kama miaka 394 hivi, na siku hiyo kilikuwa kinakamilika kipindi cha 13. Ni kama gari la mjomba linapofika kilomita 99,999, namba zinageuka, gari linaendelea na safari. Lakini nani angetueleza hivyo? Watu waliokufa wote ndio wanaotoa unabii mzuri. Watu wanaouza nyanya sokoni leo asubuhi hawatishi.

Sasa ngoja niende kwenye kosa lenyewe, maana si la namba tu.

Kuna jambo la kweli chini ya neno lile "kutoweka". Kati ya miaka ya 250 na 900 hivi, misitu ya kusini, huko Petén na kandokando yake, ilikuwa na miji mikubwa: Tikal, Palenque, Copán, Calakmul. Wafalme walisimamisha mawe yenye sanamu zao, tarehe zao na vita vyao. Halafu kuanzia mwisho wa karne ya 8 mji mmoja baada ya mwingine ukanyamaza. Jiwe la mwisho tunalolijua lenye tarehe ya kalenda ile ndefu liko Toniná, la mwaka 909. Miji ikaachwa, msitu ukapanda juu ya ngazi za mahekalu. Wataalamu mpaka leo wanabishana sababu zilipishana vipi: vita, ukame, wafalme waliokosa kuaminika, ardhi iliyochoka.

Kutoka 909 mpaka Wahispania wanatia nanga pwani ya Yucatán ni miaka 600. Miaka mia sita! Kwenye habari yangu niliipita kwa nukta moja na herufi kubwa. Walijenga, wakatoweka. Wahispania wakafika. Sasa walifika kwa nani?

Kilichonishangaza ni kwamba sikuwa mjinga peke yangu. Wasomi wakubwa nao walikuwa wakiipita miaka hiyo mbiombio, na waliipa jina la uozo, kuporomoka, kuchuja. Ukitaka kuona hukumu hiyo inavyotolewa, nenda Mayapán.

Mayapán iko kaskazini, kwenye rasi ya Yucatán, kama kilomita 40 kusini ya mji wa leo wa Mérida. Ulikuwa mji mkuu wa watu wa kaskazini kuanzia karne ya 12 au 13 hivi mpaka katikati ya karne ya 15. Ulizungushiwa ukuta wa mawe wa kilomita 9 hivi, na ndani yake, kwenye eneo la kilomita za mraba 4 na kidogo, yamehesabiwa mabaki ya majengo zaidi ya 4,000. Nyumba zimebanana, kila uwanja una kiukuta chake cha mawe, vichochoro vinapinda huku na huku. Ukitazama ramani yake unaweza kudhani ni Manzese, isipokuwa Manzese haina piramidi. Na piramidi wanayo, ya Kukulcan, yule nyoka mwenye manyoya, iliyojengwa kwa kuiga ile maarufu ya Chichén Itzá. Tatizo ni hapo. Ya Chichén Itzá inafika mita 30 ukihesabu na hekalu la juu. Ya Mayapán ni mita 15 hivi. Mawe yake hayakuchongwa vizuri, yamepangwa tu, kisha yakapigwa lipu nene ya chokaa na kupakwa rangi. Siku ile mji uko hai, lipu inang'aa na rangi zinawaka, nani angejua chini kuna nini? Mvua za karne tano zikaondoa lipu. Wanaakiolojia wa Taasisi ya Carnegie ya Washington walipochimba hapo miaka ya 1950, walikuta marundo ya mawe ya ovyo.

Wakatoa hukumu. Hawa watu wameshuka. Sanaa imekwisha, uchoyo na jeshi vimetawala. Tatiana Proskouriakoff, mmoja wa waliokuwepo, mwaka 1955 aliandika makala kuhusu Mayapán akaipa jina la kifo cha ustaarabu. Na simsemi vibaya, maana mama huyu ndiye aliyeonyesha mwaka 1960 kwamba maandishi ya mawe ya Kimaya yanasimulia maisha ya wafalme halisi, kuzaliwa kwao na kutawazwa kwao. Alikuwa na jicho kali kuliko wengi. Lakini hata jicho kali linapima kwa kipimo lilichopewa, na kipimo kilikuwa urefu wa hekalu.

Hapo ndipo wanaingia vijana wawili ninaowapenda katika hadithi hii, Jeremy Sabloff na William Rathje. Mwaka 1972 na 1973 waliongoza uchimbaji katika kisiwa cha Cozumel, mashariki ya Yucatán. Cozumel ya karne zile haina cha kumvutia mtalii. Mahekalu madogo, nyumba za kawaida, barabara za mawe, na majukwaa makubwa yaliyoinuliwa, mapana, hayana urembo wowote. Wao wakajiuliza swali ambalo nadhani lingemjia haraka mtu aliyekulia Kariakoo: je, kama haya ni maghala?

Wakaanza kuisoma jamii ile upya. Hawa hawakushindwa kujenga mahekalu makubwa, walikuwa na matumizi mengine ya mali yao. Fedha, kama tukiiita hivyo, ilikuwa inazunguka. Haikuzikwa tena ndani ya piramidi pamoja na mfalme. Ilikuwa kwenye chumvi ya pwani ya kaskazini, asali ya nyuki wasiouma, vitambaa vya pamba, na kakao iliyotoka Tabasco na bonde la Ulúa huko Honduras. Ilikuwa kwenye obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano kinachokata kama wembe, kilichosafirishwa kutoka Ixtepeque, nyanda za juu za Guatemala, mpaka Mayapán. Njia kubwa ikawa bahari, mitumbwi ikizunguka rasi nzima. (Rathje, kwa taarifa yako, mwaka huohuo wa 1973 alianza kuchambua takataka za wakazi wa Tucson, Marekani, kujua watu wanakula nini hasa tofauti na wanavyosema. Ningekuwa mhariri, huyu ningemwajiri kesho.)

Mmoja wa mitumbwi hiyo tuna ushahidi wake wa macho. Mwaka 1502, katika safari yake ya nne, Columbus alikuwa karibu na kisiwa cha Guanaja, nje ya pwani ya Honduras. Ukatokea mtumbwi mkubwa wa gogo moja, mpana kama futi 8, una kibanda cha makuti katikati kuwakinga wanawake, watoto na mizigo, na wapiga kasia kama 25. Wataalamu wengi wanadhani walikuwa wafanyabiashara wa Kimaya. Walikuwa na nguo za pamba zenye nakshi, panga za mbao zilizopachikwa jiwe kali pembeni, mashoka na njuga za shaba, na mbegu za kakao. Mwanawe Columbus, Ferdinand, aliyekuwemo safarini akiwa kijana mdogo, anaeleza kwamba mbegu zilipodondoka wote waliinama kuziokota kwa haraka. Wahispania hawakuelewa ni za nini. Zilikuwa chenji.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Watu wako kazini. Wametoka mahali wanakwenda mahali, wana mzigo, wana wake na watoto, wana hesabu kichwani. Hawajui kwamba kwenye vitabu vya baadaye wataitwa mabaki ya taifa lililotoweka.

Na kule Mayapán pia watu wamerudi kuchimba. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, Marilyn Masson na Carlos Peraza Lope pamoja na wenzao wamekuwa wakifukua nyumba za watu wa kawaida, si mahekalu tu. Wanakuta mafundi: huyu anatengeneza shanga za kombe, yule visu vya obsidiani, mwingine vyungu. Wanakuta vitu vya mbali hata kwenye nyumba za wanyonge, maana yake walikuwa wananunua sokoni. Wala si mji wa washenzi waliojibanza ndani ya ukuta.

Hapa naomba nichepuke kidogo. Nikiwa chuo tulikwenda Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati huohuo Mayapán ikiwa hai, na Kilwa nayo ilikuwa mji wa wafanyabiashara wa baharini, wenye mawe na chokaa. Mwenzetu mmoja alimwuliza mzee aliyekuwa akishona wavu: "Shikamoo mzee. Hivi waliojenga haya walikwenda wapi?" Mzee akaitikia salamu, akamtazama, akaendelea kushona. Sisi tukaona mzee hajui historia.

Turudi Yucatán, maana sitaki nikuache na picha ya soko tu, watu wanatabasamu na asali yao. Mayapán ilianguka, na ilianguka vibaya. Ukoo wa Cocom ndio uliokuwa juu, na kwa mujibu wa masimulizi aliyoyaandika padri Diego de Landa katika karne ya 16, Cocom walileta askari wa kukodi kutoka Tabasco na kuanza kuwatia watu utumwani. Ukoo wa Xiu ukaongoza uasi. Wakawaua wana wote wa Cocom, isipokuwa mmoja ambaye hakuwepo mjini. Unajua alikuwa wapi? Safarini, kwenye biashara, huko Ulúa. Mtumbwi ulimwokoa. Hiyo ilikuwa kati ya mwaka 1441 na 1461, kwa hesabu ya kalenda yao.

Masimulizi hayo mifupa haiyakanushi. Yamefukuliwa makaburi ya halaiki Mayapán, yenye mifupa iliyokatwakatwa. Mwaka 2022 Douglas Kennett na wenzake, Masson na Peraza Lope wakiwemo, walichapisha utafiti uliolinganisha tarehe za mifupa hiyo na kumbukumbu za mvua zilizohifadhiwa kwenye mawe ya pangoni. Kati ya 1400 na 1450 ukame ulikuwa mkali, na ugomvi ukaongezeka pamoja nao. Mahindi yakikosa mvua, na mji hauna mto, hata bwana mwenye askari wa kukodi hana cha kuwapa watu.

Baada ya hapo rasi ikagawanyika majimbo kama 16. Na chuki haikwenda popote. Mwaka 1536, Wahispania wakiwa wameshaonja kipigo na kuondoka kwa muda, ukame ukarudi. Wakuu wa Xiu wakataka kwenda kuhiji Chichén Itzá, kutoa sadaka kwenye kile kisima kikubwa cha asili. Ilibidi wapite nchi ya Cocom. Nachi Cocom akawakaribisha, akawalisha kwa siku kadhaa, kisha akawaua, mahali panapoitwa Otzmal. Miaka karibu 90 imepita tangu Mayapán, na mtu bado anadai damu ya babu zake. Wahispania waliporudi, Xiu wakasimama upande wao. Mérida ikaanzishwa Januari 1542.

Lakini ona na upande wa pili. Cortés aliangusha milki ya Waazteki kwa miaka miwili, 1519 hadi 1521. Yucatán iliwachukua Wahispania karibu miaka 20 tangu Montejo alipoanza mwaka 1527, kwa sababu hapakuwa na kichwa kimoja cha kukata. Nojpetén, mji wa Waitza katikati ya ziwa la Petén, haukuanguka mpaka Machi 1697. Hapo Wahispania walishakaa Mérida miaka 155. Watu waliotoweka mwaka 909 walikuwa bado wanapigana miaka karibu 800 baadaye.

Na kule milimani, kwao yule dada, Wak'iche' walikuwa na mji wao mkuu, Q'umarkaj. Mwaka 1524 Pedro de Alvarado aliwachoma moto watawala wake wakiwa hai na kuuteketeza mji, akisaidiwa na Wakaqchikel, mahasimu wao. Miaka kama 30 baadaye, Wak'iche' waliobaki wakakaa chini wakaandika Popol Vuh, kwa lugha yao, kwa herufi za Kilatini walizofundishwa na mapadri. Mtu aliyetoweka haandiki kitabu.

Basi, nikaenda kwa mhariri wangu. Nikamweleza nataka tuchapishe masahihisho. Akaniuliza: "Kuna aliyelalamika?" Nikasema hapana, isipokuwa dada mmoja huko Nairobi, naye hajalalamika, alicheka tu. Akasema masahihisho ni kwa watu wanaoweza kutushitaki. Halafu akasema, kwa upole kabisa maana si mtu mbaya, "Kijana, Wamaya wenyewe hawasomi gazeti letu."

Sikuwa na jibu. Nilirudi mezani nikakaa. Ni kweli hawasomi. Sisi nao wameandika mambo yetu mangapi, kwa lugha tusizosoma, kwenye magazeti ambayo hayafiki Ubungo, na mhariri fulani akasema vivyo hivyo?

Kwa hiyo nayaandika hapa, ambako hakuna mhariri wa kuyaondoa wala tangazo la kuyasukuma. Katika habari niliyoiandika mwaka jana nilisema Wamaya walitoweka. Si kweli. Miji fulani iliachwa. Watu walihamia pwani na kaskazini na milimani, wakabadilisha namna ya kutawala na namna ya kutajirika, wakajenga vidogo zaidi na kusafiri mbali zaidi, wakauana, wakapatana, wakavamiwa, na wapo. Kosa ni langu, si la shirika nililotafsiri. Neno "kutoweka" halikuwemo kwenye habari ya asili. Nimerudi nikaangalia. Nililiongeza mimi.

Nilimtumia yule dada ujumbe nikamweleza yote haya. Akajibu siku ya tatu, mistari miwili. Alisema amemsomea mama yake, na mama anauliza kama huku kwetu tunalima kakao. Nimemwambia ipo, Kyela. Sasa anataka kujua tunauza kilo shilingi ngapi, na mimi sijui, kwa hiyo kama kuna mtu wa Kyela anasoma hapa naomba anisaidie. Kesho nina zamu ya mahakamani saa mbili asubuhi. Ngoja nilale.